Tiketi rahisi, begi ghali: ada za mizigo ya ndege zinavyopangwa

Video za aina hii hazikauki mtandaoni. Abiria amepiga magoti mbele ya geti, begi limefunguliwa sakafuni, anavaa koti la pili juu ya la kwanza na kusokomeza soksi mifukoni, huku foleni ikimpita pembeni. Mfanyakazi wa ndege amesimama kando na mashine ya kadi mkononi. Chini ya video watu hugawanyika mara moja. Wapo wanaosema huu ni wizi wa mchana kweupe, na wapo wanaouliza kwa nini hakusoma masharti kabla ya kukata tiketi. Wote wana hoja, ila mara nyingi wanabishania mambo mawili tofauti. Hawa wanalalamikia namna pesa inavyodaiwa. Wale wanatetea haki ya shirika kuidai. Mambo hayo yakitenganishwa, sehemu kubwa ya mkanganyiko inaondoka.

Tuanze na mizigo yenyewe, kwa sababu iko ya aina tatu na kila moja ina bei yake. Ya kwanza ni begi dogo linaloingia chini ya kiti cha mbele yako: mkoba, begi la kompyuta, begi dogo la mgongoni. Hilo karibu kila shirika linalichukua bila malipo. Ya pili ni begi la kabatini, lile la magurudumu linalowekwa kwenye makabati yaliyo juu ya viti. Abiria wengi wanaamini kuwa hili nalo ni la bure popote, na hapo ndipo wanaponaswa, maana kwenye mashirika mengi ya bei nafuu linalipiwa. Ya tatu ni mzigo wa kukabidhi: unauacha kaunta, unapimwa kilo, unabandikwa lebo na kwenda kukaa kwenye tumbo la ndege hadi uupokee mwisho wa safari. Shirika likitangaza kwamba "mzigo mmoja wa mkononi ni bure", swali la kwanza la kujiuliza ni: wa chini ya kiti au wa kabatini?

Sasa, shirika la bei nafuu ni lipi? Ni lile linalokuuzia kiti peke yake, kisha kila kitu kingine linakiuza kando: begi, kuchagua pa kukaa, chakula, kupanda mapema. Fikiria nyumba mbili za kupanga. Moja kodi yake ni kubwa, lakini maji na umeme vimo ndani. Nyingine kodi yake ni ndogo, ila kila chumba kina mita yake. Katika ile ya kwanza, mpangaji anayeshinda kazini na kurudi usiku anamlipia jirani yake anayepiga pasi kutwa. Katika ile ya pili kila mtu analipa alichotumia. Hakuna nyumba ambayo maji yake ni ya bure. Tofauti ni mahali gharama ilipoandikwa. Vivyo hivyo, ndege "isiyotoza mzigo" imeshautoza ndani ya nauli, na asiye na begi anachangia begi la mwenzake.

Kwa hiyo kutoza mzigo peke yake si dhuluma. Nalisema hili mapema kwa sababu hasira nyingi zinaelekezwa hapo, na nadhani zinakosea shabaha.

Utaratibu huu si wa zamani sana. Barani Ulaya, mashirika ya Flybe na Ryanair yalianza kutoza mizigo ya kukabidhi mwaka 2006. Marekani, mashirika makubwa yaliingia mwaka 2008, mwaka ambao bei ya pipa la mafuta ilivuka dola 140: American Airlines ilianza kudai dola 15 kwa begi la kwanza, na wenzake wakafuata. Mwaka 2010 Spirit, shirika la bei nafuu la hukohuko, ilikwenda mbali zaidi ikaanza kutoza hata begi la kabatini, jambo lililowakera sana wanasiasa wa Marekani. Mafuta yalishuka bei baadaye. Ada hazikushuka. Mwaka 2023 mashirika ya Marekani yalikusanya zaidi ya dola bilioni 7 kutokana na mabegi pekee. Na mwaka 2025 Southwest, ambayo kwa miaka mingi ilijitangaza kwa kubeba mabegi mawili bure, iliacha: tiketi nyingi zilizokatwa kuanzia Mei 28 mwaka huo zilianza kulipiwa dola 35 kwa begi la kwanza na 45 kwa la pili. Wateja wake wa siku nyingi waliona kama wamevunjiwa ahadi.

Kwa nini mabegi, basi? Jibu linalotolewa haraka ni uzito: ndege nzito hula mafuta mengi. Ni kweli, lakini si ukweli wote. Uzito ukiwa ndio sababu pekee, nguo zinazotolewa begini na kuvaliwa mwilini zisingeleta tofauti, kwa maana kilo zinaingia ndegeni vilevile. Lakini abiria akishazivaa, anaruhusiwa kupita.

Sababu kubwa zaidi ni muda. Ndege inaingiza pesa ikiwa angani. Ikiwa chini inakula tu. Mashirika ya bei nafuu hujipangia kuishusha, kuisafisha, kuipakia na kuirusha tena ndani ya dakika 25 hivi. Kila begi la kukabidhi linahitaji mtu wa kaunta, mkanda, gari la mizigo, wapakiaji na wapakuaji, na ada za uwanja juu yake. Abiria anayeingia na mkoba mmoja anaondoa mlolongo huo wote. Ndiyo maana mkuu wa Ryanair, Michael O'Leary, amerudia kusema hadharani kwamba ada hizi zinalenga kubadili tabia ya abiria kuliko kuchuma pesa. Unaweza kumwamini au usimwamini, lakini tabia kweli ilibadilika, na mabadiliko hayo yakazaa tatizo jipya.

Mzigo wa kukabidhi ulipoanza kulipiwa, watu waliacha kukabidhi na kuanza kuingia na kila kitu ndani. Makabati ya juu hayakutengenezwa kwa ajili hiyo. Boeing 737-800 iliyopangwa viti 189, kama zile za Ryanair, ina nafasi ya mabegi ya magurudumu yapatayo 90 tu. Wa kwanza kuingia wanajaza, wa mwisho wanazunguka na mabegi kwenye ujia, na ndege inachelewa, yaani ule muda uliokuwa unaokolewa unapotea kwa mlango mwingine. Mashirika yakajibu kwa kutoza kabati pia. Abiria naye kapewa sababu ya kubana vitu kwenye begi dogo hadi zipu inalia, na shirika likaleta fremu ya chuma ya kupimia getini. Kila hatua ina mantiki ukiitazama peke yake. Ukizitazama zote kwa pamoja, unaona ada ya kwanza ndiyo iliyozaa msongamano ambao ada ya pili inatozwa ili kuupunguza.

Kuna sababu nyingine mbili zisizosemwa sana. Ya kwanza ni kodi. Marekani, nauli ya safari ya ndani inakatwa kodi ya shirikisho ya asilimia 7.5, lakini ada ya begi haikatwi. Dola moja iliyohamishwa kutoka kwenye nauli kwenda kwenye begi inabaki nzima mikononi mwa shirika. Ya pili ni namna tunavyotafuta tiketi. Tovuti za kulinganisha bei hupanga matokeo kuanzia nauli ndogo, na shirika lenye nauli ya 29 na begi la 40 linakaa juu ya lenye nauli ya 60 iliyokwisha kujumlisha begi, ingawa kwa mwenye begi lile la pili ndilo rahisi. Anayetaja bei yote mapema anaadhibiwa kwa uaminifu wake. Hili ndilo linalonisumbua zaidi katika biashara yote hii, kwa sababu halimwachii hata shirika lenye nia njema nafasi ya kufanya vinginevyo.

Je, angalau nauli zilishuka mabegi yalipotengwa? Mwanauchumi Jan Brueckner na wenzake walilichunguza hilo kwa soko la Marekani, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Nauli zilishuka, lakini kwa kiasi kilicho chini ya ada yenyewe. Asiye na begi alipata nafuu. Mwenye begi akaishia kulipa zaidi ya zamani kwa jumla. Kwa hiyo anayesema "nauli zimeshuka kwa sababu ya ada" na anayesema "safari imepanda kwa sababu ya ada" wote wawili wanasema kweli, kutegemea wamebeba nini.

Tufike sasa kwenye bei yenyewe, ambayo kwa kweli ni ngazi. Begi lilelile, ndege ileile, siku ileile, lina bei ndogo kabisa ukiliongeza wakati wa kukata tiketi. Ukirudi kuliongeza siku chache baadaye, mara nyingi limepanda. Kaunta ya uwanjani limepanda tena. Getini ni bei ya juu kuliko zote: Ryanair, kwa mfano, hudai hadi euro 75 kwa begi lililozidi ukubwa, kiasi ambacho mara nyingi kinapita nauli. Wengi hudhani kulipa uwanjani ni sawa na kulipa nyumbani, ni suala la kuchelewa tu. Sivyo. Bei ya getini imewekwa kwa makusudi iwe ya kuumiza, ili safari ijayo ulipie mapema.

Na hapa ndipo hasira inapoeleweka. Mwaka 1986, Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha utafiti kuhusu bei ambazo watu wanaziona za haki. Waliuliza: duka linauza koleo la kuondolea theluji kwa dola 15, asubuhi baada ya dhoruba kubwa ya theluji linapandisha hadi dola 20, je, ni haki? Asilimia 82 walisema si haki. Watu hao hawakukataa bei kupanda. Katika utafiti huohuo, wengi walikubali bei ipande pale gharama za muuzaji zinapopanda. Walichokikataa ni mtu kupandishiwa bei wakati amebanwa. Abiria aliye getini amebanwa kuliko mnunuzi yeyote: tiketi imelipwa, hoteli imelipwa, mlango unafungwa baada ya dakika chache, na hawezi kurudisha begi nyumbani. Hana nafasi ya kukataa. Euro 30 zilizoonekana siku ya kukata tiketi ni bei. Euro 75 zilizodaiwa mlangoni zinaonekana kama kikombozi.

Tena kuna udhaifu wetu wa kujumlisha. Vicki Morwitz, Eric Greenleaf na Eric Johnson walionyesha mwaka 1998 kuwa bei ikigawanywa vipande, watu hukumbuka jumla ndogo kuliko halisi na hununua zaidi. Kipande kikubwa kinakaa kichwani, vile vidogo vinadondoka njiani. Hata elimu haimwokoi mtu na hili. Ndivyo akili inavyoshughulika na namba nyingi kwa pamoja.

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba mfanyakazi wa getini ana roho mbaya tu, au ana siku mbaya. Ukweli ni mzito zaidi. Kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti ya Marekani ilitoa ripoti Novemba 2024 ikieleza kuwa Spirit na Frontier zilikuwa zimelipa dola milioni 26 katika miaka ya 2022 na 2023 kwa wafanyakazi wa getini na wengine, kama motisha ya kuwakamata abiria wenye mabegi yaliyozidi. Ryanair nayo haifichi: iliwalipa wafanyakazi euro 1.50 kwa kila begi lililokamatwa, na mwaka 2025 ikaamua kupandisha hadi euro 2.50. Maelezo yake ni kwamba abiria wanaotozwa hivyo ni chini ya asilimia 0.1, na kwamba wengine wote waliofuata masharti hawapaswi kucheleweshwa na wachache. Hoja ya kuwalinda waliofuata masharti naikubali. Ya bonasi siikubali hata kidogo. Kipimo kinapaswa kusomwa na mtu asiyefaidika na jibu. Anayepata pesa begi lisipoingia atalisukuma kwa nguvu ndogo kuliko anayelipwa mshahara uleule kwa vyovyote vile, na abiria akijua hilo hata kipimo cha haki hatakiamini.

Itazame ile fremu kwa karibu. Ni sanduku la chuma lisilo na kifuniko, pande zake hazipindi. Begi la kitambaa laini lililojaa kupita kiasi linaweza kubonyezwa likaingia. Begi gumu la plastiki haliwezi, hata likizidi kwa sentimita moja, na sentimita hiyo karibu kila mara ni ya magurudumu au mpini. Lebo ya dukani mara nyingi hutaja ukubwa wa begi bila magurudumu. Fremu inapima kila kitu. Wapo abiria waliorekodiwa wakivunja magurudumu ya mabegi yao palepale ili wapite. Ufilipino, mwaka 2019, mwanamke mmoja aliyeambiwa begi lake lina kilo 9 wakati kikomo ni 7 alivaa nguo za kilo 2.5, suruali juu ya suruali, akapita. Wengine hujaza nguo ndani ya foronya ya mto wa shingoni, au hununua makoti yaliyoshonwa mifuko kila upande. Sioni cha kuwacheka. Wanajibu sheria jinsi ilivyoandikwa.

Kikwazo kingine ni kwamba fremu hizo hazifanani. EasyJet inaruhusu begi la bure la sentimita 45 kwa 36 kwa 20, karibu lita 32. Wizz Air ni 40 kwa 30 kwa 20, lita 24. Ryanair ilikuwa kwenye lita 20 hadi mwaka 2025 ilipoongeza ikafika kipimo hicho cha lita 24. Aliyekwenda na shirika moja na kurudi na jingine anaweza kuondoka bila shida na kukamatwa wakati wa kurudi, akiwa na begi lilelile na vitu vilevile. Chama cha mashirika ya ndege duniani, IATA, kilijaribu mwaka 2015 kupendekeza kipimo kimoja cha begi la kabatini, 55 kwa 35 kwa 20. Kwa kuwa kilikuwa kidogo kuliko vile ambavyo mashirika mengi yalikwisha kuruhusu, abiria walikuja juu na mpango ukawekwa kando haraka.

Sheria zinasemaje? Ulaya kuna kesi moja inayostahili kujulikana. Abiria wanne walisafiri na shirika la Vueling kutoka A Coruña, Hispania, hadi Amsterdam mwaka 2010. Tiketi zote ziligharimu euro 241.48, na juu yake wakadaiwa euro 40 kwa mabegi mawili ya kukabidhi. Mamlaka za Hispania zikaitoza Vueling faini, na shauri likafika Mahakama ya Haki ya Ulaya. Uamuzi wa Septemba 2014 ulikuwa na pande mbili. Mzigo wa kukabidhi unaweza kutozwa kando, kwa sababu mtu anaweza kusafiri bila huo. Mzigo wa mkononi, kinyume chake, ni sehemu ya lazima ya safari na usiongezewe bei, mradi uwe na uzito na ukubwa wa kiasi.

"Ukubwa wa kiasi" ni upi? Mahakama haikutaja sentimita, na mvutano wote wa leo umejikita hapo. Mashirika yanasema begi la chini ya kiti linatosha kutimiza wajibu huo. Hispania ilisema halitoshi: Novemba 2024 iliyatoza mashirika matano, yakiwemo Ryanair, Vueling na easyJet, faini za jumla ya euro milioni 179. Mashirika yalikwenda mahakamani kupinga. Kamati ya uchukuzi ya Bunge la Ulaya nayo ilipiga kura Juni 2025 kutaka begi la kabatini la hadi kilo 7 liwe ndani ya nauli. Kura ya kamati si sheria, kwa hiyo anayekwenda uwanjani akidai kwamba "Ulaya imeshafuta ada za mabegi" atalipa tu.

Wala si kweli kwamba ada hizi zinayatajirisha mashirika bila kikomo. Spirit, iliyoongoza kuuza kila kitu kando, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Novemba 2024, na tena Agosti 2025.

Kwa msafiri, hesabu inayofaa ni jumla ya kwenda na kurudi: nauli, pamoja na begi halisi utakalobeba, mara mbili, kabla ya kulinganisha shirika na shirika. Lipime begi likiwa limejaa, na magurudumu yake, kwa futi ya kamba, kisha libebe hivyohivyo uwanjani. Kumbuka pia kilo za wakati wa kurudi, ambazo huwa zimeongezeka. Mkisafiri pamoja kwa tiketi moja, uliza kama kilo zenu zinajumlishwa; baadhi ya mashirika yanaruhusu. Lakini begi moja mara nyingi halipokelewi likizidi kilo 32 hata ukilipia, kwa sababu kuna mgongo wa mtu unaolinyanyua.

Begi likichukuliwa getini likapelekwa kwenye tumbo la ndege, usiliachie kabla ya kutoa pawabenki na betri za akiba, ambazo haziruhusiwi kukaa huko, pamoja na dawa, pasipoti na kompyuta. Omba stakabadhi yenye namba. Kuanzia hapo, kwa safari za kimataifa kati ya nchi zinazofuata Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, shirika linawajibika kwa begi hilo hadi kiwango kilichowekwa na mkataba. Likifika limeharibika, malalamiko ya maandishi yanatakiwa ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Likichelewa, ndani ya siku 21 tangu likufikie. Na lisipoonekana kwa siku 21, unaweza kudai kama mtu aliyepotelewa. Marekani, tangu Oktoba 2024, begi la safari ya ndani lililocheleweshwa zaidi ya saa 12 baada ya kutua linakupa haki ya kurudishiwa ada uliyolilipia, ilimradi uwe umeripoti.